Mataji matatu yaliyotoweka Copenhagen

UKITAKA kuuona ufalme kwa macho yako bila kutoa hata senti moja, nenda katika uwanja wa Amalienborg, mjini Copenhagen, inapokaribia saa sita za mchana. Hapo pana majumba manne yanayofanana kama mapacha, yamekaa kuuzunguka uwanja wa mawe, na katikati yupo Mfalme Frederik wa Tano juu ya farasi wa shaba. Kila siku askari wa gwaride, wenye kofia ndefu za manyoya ya dubu, hupiga miguu kutoka kasri la Rosenborg, wakakatiza barabara za mjini kati ya baiskeli na mabasi, na kufika hapa kuwapokea wenzao zamu.

Nilifika uwanjani hapo mwezi wa Aprili mwaka 2025. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mpwa wangu, binti ya dada yangu, anayesoma katika Chuo Kikuu cha Roskilde. Jua lilikuwa linawaka lakini lilikuwa jua la kudanganya, maana baridi yake huifanya ile ya Limuru kuwa mchezo wa watoto.

"Mjomba, usiwatazame askari peke yao," akaniambia huku akitoa simu yake. "Kuna jambo jingine hapa, na wengi wa hawa wageni hawalijui."

Akanionyesha picha mbili za nembo ya kifalme, moja ya mwaka 1972 na nyingine iliyotangazwa Januari 1, 2025. Kwa mtazamo wa kwanza sikuona tofauti. Zote zina ngao katikati, taji juu, watu-mwitu wawili wenye nywele na marungu wakiishika ngao huku na huku, na nyuma yake pazia jekundu lenye manyoya meupe kwa ndani. Ilinibidi nivae miwani.

Ngao yenyewe imegawanywa vyumba vinne kwa msalaba mweupe, ule ule ulio katika bendera ya Denmark. Katika nembo ya 1972, simba watatu wa buluu wa Denmark walikuwa wamejichukulia vyumba viwili. Chumba cha tatu kilikuwa cha simba wawili wa Slesvig, nchi ya kusini iliyogombaniwa na Wajerumani. Katika chumba cha nne kulikuwa na msongamano: mataji matatu ya dhahabu upande wa juu, na chini yake kondoo dume wa Visiwa vya Faroe amebanana na dubu mweupe wa Greenland, mithili ya abiria wa matatu ya jioni.

Katika nembo mpya mataji hayo matatu hayapo. Simba wa Denmark wamebakia na chumba kimoja tu. Dubu amepewa chumba chake, na kondoo amepewa chake.

(Simba hao, kwa wanaopenda vitu vidogo, wamezungukwa na mioyo tisa myekundu. Wajuzi wa nembo wanasema hapo kale haikuwa mioyo bali majani ya yungiyungi. Wachoraji waliendelea kuyachora karne baada ya karne hadi yakageuka mioyo.)

Mtu anaweza kuuliza, je, haya si mambo ya kuchezea rangi tu? Sisi Wakenya hatuna haki ya kuuliza hivyo. Fungua gazeti lolote la kwetu ukurasa wa matangazo ya vifo, utaona jinsi familia zinavyopima nani aandikwe wa kwanza, nani wa mwisho, na nani asiandikwe kabisa. Nimeona watu waliosusia mazishi kwa sababu ya tangazo. Baba yangu alipofariki, mwenye kuliandika tangazo nilikuwa mimi. Gazeti hutoza kwa ukubwa wa nafasi, nami nikabana maneno. Nikawataja wajukuu wa wana wa kiume kwa majina; wale wa mabinti nikawaweka pamoja chini ya neno "na wengineo". Mpwa wangu huyu alikuwa na umri wa miaka tisa wakati ule. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alilisoma tangazo lile mara tatu akilitafuta jina lake.

Kwa hiyo tulipokuwa tumesimama pale Amalienborg, mimi nilijua kuwa ngao ile ni tangazo la aina hiyo hiyo, ila limewekwa dhahabu.

Tuanze na mataji. Mwaka 1397, katika mji wa Kalmar, Malkia Margrete wa Kwanza aliziunganisha falme tatu za kaskazini, yaani Denmark, Norway na Uswidi, chini ya mtawala mmoja. Umoja huo ulikuwa wa ugomvi tangu mwanzo, na mwaka 1523 Uswidi ikajitoa moja kwa moja. Lakini wafalme wa Denmark hawakuyaondoa mataji matatu kwenye ngao yao, na Waswidi nao wakadai kuwa mataji hayo ni yao. Msomaji usicheke: ugomvi wa nani ana haki ya kuyachora mataji hayo ulikuwa mojawapo ya sababu za vita vilivyopiganwa kuanzia 1563 hadi 1570. Watu walikufa, vijiji vikachomwa. Mwishowe ikabidi wakubaliane kila mmoja ayatumie kivyake. Hata leo mataji hayo yako juu ya mnara wa jumba la baraza la mji wa Stockholm, na timu ya Uswidi ya mpira wa magongo wa barafuni huitwa kwa jina hilo hilo.

Ndiyo kusema kwamba kwa muda wa miaka mia tano Denmark iliendelea kubeba mataji ya nyumba iliyokwisha kuvunjika. Mfalme Frederik wa Kumi alipokalia kiti cha enzi Januari 14, 2024, baada ya mama yake, Malkia Margrethe wa Pili, kung'atuka, kamati iliundwa kuitazama upya nembo. Maelezo ya kasri yalikuwa mafupi: mataji yalihusu umoja wa Kalmar, umoja huo haupo tena, basi yaondoke.

Nilichojifunza ni kwamba ngao hii imekuwa ikipunguzwa tangu zamani, na kila kilichopunguzwa kina kilio chake. Norway ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark hadi 1814, ikapotea baada ya vita vya Napoleon, na simba wake akaondoka. Iceland nayo ilikuwa na alama yake, na hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote: samaki aliyekaushwa kwa upepo na kuvikwa taji. Mtu wa Lamu angesema mara moja kuwa huyo ni ng'onda wa kifalme. Waiceland wenyewe hawakumpenda ng'onda huyo, na mwaka 1903 akabadilishwa kwa kipanga mweupe. Mwaka 1944 Iceland ikawa jamhuri, na mwaka 1948 kipanga akafunga safari.

Majina nayo yalikuwa hivyo hivyo. Babu wa mfalme wa sasa, Frederik wa Tisa, alipotajwa kwa ukamilifu aliitwa Mfalme wa Denmark, wa Wavendi na wa Wagothi, Mtawala wa Slesvig, Holsten, Stormarn, Ditmarsken, Lauenborg na Oldenborg. Hapo mtangazaji ameishiwa pumzi! Wavendi walikuwa watu wa pwani ya kusini ya bahari ya Baltiki, na cheo hicho kilitokana na vita vya zama za kati. Holsten na Lauenborg zilichukuliwa na Wajerumani baada ya vita vya 1864. Almuradi, alikuwa mtawala wa nchi nyingi ambazo asingeweza hata kumtoza mtu kodi ya kuku. Binti yake Margrethe alipomrithi Januari 14, 1972, aliyafuta yote akabaki Malkia wa Denmark, basi. Mwaka uliofuata mfalme mpya wa Uswidi, Carl wa Kumi na Sita Gustaf, akafanya vivyo hivyo. Naye alikuwa amerithi Wagothi na Wavendi wake!

Tukauacha uwanja tukateremka hadi ukingo wa maji, hatua chache tu. Ukitazama kuelekea mdomo wa bandari utaiona ngome ya kale iliyojengwa ndani ya maji. Jina lake ni Trekroner, yaani Mataji Matatu.

"Unaona," akasema mpwa wangu. "Kufuta kwenye karatasi ni rahisi."

Kando ya maji hayo hayo lipo ghala kuukuu lililokuwa likipokea sukari na bidhaa nyingine kutoka visiwa vya Karibi, ambako Wadenmark walikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Mbele ya ghala hilo mwaka 2018 palisimamishwa sanamu ya mwanamke mweusi aliyeketi kitini, urefu wake kiasi cha mita saba, mkono mmoja ameshika mwenge na mwingine kisu cha kukatia miwa. Ilikuwa kumbukumbu ya Mary Thomas, mmoja wa viongozi wa maasi ya wafanyakazi katika kisiwa cha St. Croix mwaka 1878. Alikamatwa, na baadaye akaletwa kufungwa katika mji huu huu. Watu wa kisiwani humwita Malkia Mary. Cheo chake hakikutoka kasri lolote, na hakuna kamati inayoweza kukifuta.

Visiwa vile Denmark ilivikabidhi kwa Marekani mwaka 1917 kwa bei ya dola milioni 25. Wadenmark walipiga kura Desemba 1916 kuamua kama viuzwe. Wenyeji wa visiwa hawakushirikishwa katika kura hiyo. Katika mapatano hayo hayo Marekani ilitamka kwamba haitapinga Denmark kueneza mamlaka yake juu ya Greenland yote.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule dubu.

Greenland ni kisiwa kikubwa kupita vyote duniani, karibu mara nne ya Kenya, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu. Watu wake ni kiasi cha 57,000, wachache kuliko wakazi wa mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi. Ilikoma kuwa koloni mwaka 1953, ikapata serikali yake ya ndani mwaka 1979, na mamlaka zaidi mwaka 2009. Mwaka 2019 Rais Donald Trump wa Marekani alisema angependa kuinunua. Waziri Mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, alipoliita wazo hilo upuuzi, Trump akafuta ziara yake ya Copenhagen. Desemba 2024, akisubiri kurejea madarakani, akalirudia jambo hilo kwa ukali zaidi. Siku chache baadaye, Januari 1, nembo mpya ikatangazwa, dubu akiwa amesimama peke yake katika chumba chake.

Je, lilikuwa jibu? Kamati ilikuwa imeanza kazi tangu mwanzo wa 2024, kwa hiyo si kweli kwamba nembo ilichorwa kwa sababu ya maneno ya Desemba. Lakini hakuna aliyeiona siku hiyo akakosa kuusoma ujumbe wake. Mwisho wa Aprili ile ile niliyokuwa huko, mfalme mwenyewe alisafiri kwenda Greenland.

Kwa maoni yangu, lipo swali moja ambalo ngao hailijibu. Ukimpa mtu chumba kikubwa nyumbani kwako, umemheshimu, ndiyo. Lakini nyumba imebaki kuwa yako. Wagreenland wanayo nembo yao wenyewe, dubu huyo huyo akiwa ameinua mguu wa kushoto, kwa kuwa kwa imani ya wazee wao dubu mweupe hutumia mkono wa kushoto. Wanasiasa wao wamekuwa wakisema kwamba nchi yao haiuzwi, na katika kusema hivyo wanawatazama Wamarekani kwa jicho moja na Wadenmark kwa jicho la pili.

Tukavuka daraja hadi mtaa wa Christianshavn, kwenye ghala jingine la karne ya 18 lililokarabatiwa vizuri. Humo ndimo zilimo ofisi za uwakilishi za Greenland na za Visiwa vya Faroe, na katika jengo hilo hilo umo ubalozi wa Iceland. Nilitabasamu peke yangu. Ng'onda ameondoka kwenye ngao, lakini bado anapanga nyumba moja na dubu na kondoo.

Siku ya pili tukapanda treni kwenda Roskilde, mwendo wa nusu saa hivi, kutazama kanisa kuu la matofali mekundu ambamo wamezikwa wafalme na malkia wa Denmark karibu arobaini. Njiani nikamuuliza mpwa wangu habari ya wajukuu, maana nilikuwa nimesoma kijuujuu tu.

Naam, hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayofanana na ya kwetu. Septemba 28, 2022, Malkia Margrethe alitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2023, watoto wanne wa mwanawe mdogo, Joachim, hawataitwa tena wanamfalme wala binti mfalme. Watabaki na cheo cha chini zaidi kilichotokana na ukoo wa babu yao, Monpezat, ambacho Wadenmark hukiita greve. (Kwa Kiingereza cheo hicho huitwa count, na kutokana na jina hilo ndipo lilipozaliwa neno "kaunti" ambalo magavana wetu wanalitumia kila siku.) Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: vijana waishi maisha yao bila kubanwa na majukumu ya kasri, na ufalme upunguze ukubwa wake kama falme nyingine zilivyofanya. Mkubwa wao, Nikolai, alikuwa na miaka 23. Mdogo, Athena, alikuwa na miaka 10.

Joachim hakuficha uchungu wake. Alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba watoto wake wameumizwa, na kwamba aliarifiwa siku chache tu kabla ya tangazo. Juma halikupita malkia akatoa taarifa nyingine: kama mama na kama nyanya, alisikitika kwamba hakupima uzito wa maumivu hayo. Lakini uamuzi haukubadilika.

"Mjomba," akasema mpwa wangu akitazama nje ya dirisha, "hao angalau nyanya yao aliwaomba radhi."

Sikuwa na la kujibu. Treni ikaendelea.

Kanisani Roskilde tulianza na Margrete wa Kwanza, yule wa Kalmar, amelazwa nyuma ya madhabahu, sura yake ya jiwe jeupe ikiwa ya mwanamke kijana. Tukapita chumba baada ya chumba, Wakristian na Wafrederik wakipokezana, kwa kuwa kwa karne nyingi wafalme wa huko wameitwa majina hayo mawili kwa zamu. Malkia Margrethe wa Pili amekwisha kutayarishiwa kaburi lake humo, la kioo, lililobuniwa na msanii Bjørn Nørgaard.

Mumewe hatakuwapo. Prince Henrik, Mfaransa aliyezaliwa Henri de Laborde de Monpezat, alilalamika kwa miaka mingi kwamba mke wa mfalme huitwa malkia, ilhali yeye, mume wa malkia, hakuitwa mfalme. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba hatazikwa Roskilde kando ya mkewe, kwa kuwa hakupewa usawa katika uhai. Alifariki Februari 2018. Mwili wake ulichomwa, nusu ya majivu ikatawanywa katika bahari ya Denmark na nusu ikazikwa katika bustani ya kasri la Fredensborg. Mzee mmoja aliyekuwa akituelekeza alipotaja jambo hilo alishusha sauti, kama vile watu wa familia wanavyoshusha sauti wakitaja shamba lenye kesi.

Wako na wanaokishika cheo kwa namna nyingine. Yule mwandishi aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, Karen Blixen, alikuwa Mdenmark, lakini ubaroni wake ulikuwa wa Uswidi. Aliupata kwa kuolewa na Bror Blixen mjini Mombasa, Januari 14, 1914, na Mwanamfalme Wilhelm wa Uswidi akiwa shahidi. Ndoa ilivunjika mwaka 1925, shamba likafilisika, akarudi kwao 1931 mikono mitupu. Mume alimwacha, kahawa ikamwacha. Jina la Baroness alikwenda nalo hadi kufa.

Jioni tulipanda treni ya kurudi. Mpwa wangu anaishi karibu na chuo, kituo cha kwanza tu ukitoka Roskilde. Kabla hajashuka nilimwambia kwamba mwaka ujao tutafanya ibada ya kumkumbuka babu yake, na tangazo la gazetini nitaliandika mimi tena.

"Sisi watoto wa mabinti tu wangapi?" akauliza.

"Kumi na mmoja," nikasema.

"Litakugharimu, Mjomba."

Akacheka, akavaa kofia yake ya sufu, akashuka. Alisimama kwenye jukwaa akinipungia mkono mpaka treni ilipoanza kwenda. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao cha kituo kilichoandikwa kwa herufi kubwa: Trekroner.